Wagosi wa Kaya wakicheza, kwa nini Maramba iwe gizani?

Jumamosi ya ligi, ubao wa kibanda umiza pale Maramba huandikwa mapema kwa chaki. Juu kabisa Arsenal, saa 11 jioni. Chini yake Simba, saa 1 usiku. Pembeni, kwa herufi kubwa, kiingilio. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, nayo ina mechi jioni hiyo hiyo, tena uwanja wa Mkwakwani, mjini Tanga, lakini ubaoni haimo. Ukimuuliza mwenye kibanda atakujibu bila kificho: skrini anayo moja, umeme anaulipia mwenyewe, na saa inapocheza Coastal ndiyo saa vijana wanaitaka ligi ya Uingereza. Hana ubaya na Wagosi wa Kaya. Anapiga hesabu ya mabenchi.

Basi mtu aliyezaliwa Mkinga, ambaye baba yake alikuwa Coastal na babu yake alikuwa Coastal, anaipata mechi ya timu yake kwa mstari mmoja wa ujumbe wa simu: mbili moja, imeisha. Nani alifunga, bao lilikuwaje, mwamuzi alichezesha vipi, hayo atasimuliwa kesho na aliyerudi na basi kutoka mjini. Kamera zilikuwepo uwanjani. Mtambo ulikuwepo. Picha ilipaa hadi kwenye setilaiti na kushuka kwenye kila dishi lililolipiwa, kuanzia Bukoba hadi Mtwara. Kwa wenye timu haikufika. Mimi nasema hilo ni kosa, na ni kosa linaloweza kurekebishwa bila kuua biashara ya mtu yeyote.

Kwa wasioijua Maramba, ni kata ya Wilaya ya Mkinga, chini ya milima ya Usambara Mashariki, katika wilaya iliyomegwa kutoka Muheza. Watanzania wengi waliopita jeshi la kujenga taifa wanaikumbuka kwa kambi yake ya JKT. Ukitoka Tanga unashika njia ya Horohoro, ukifika Mabokweni unaiacha na kuingia barabara ya Maramba, ile inayoendelea Bombo Mtoni, Umba na Mkomazi hadi kutokea Same. Ni barabara ambayo imetajwa kwenye mipango ya lami kwa miaka mingi, na kila masika wasafiri wake wanajua wanachokutana nacho. Mechi ikianza saa 10 jioni, kipenga cha mwisho kinalia jua likizama. Anayetaka kuiona kwa macho lazima awe na nauli ya kwenda, kiingilio cha uwanjani, na ndugu wa kumlaza mjini. Mkulima wa mihogo atafanya hivyo mara ngapi kwa msimu? Mama mwenye genge je?

Nautaja umbali huu makusudi, kwa sababu kuzima runinga ili watu wapate mechi kwa kwenda uwanjani ni sera ya zamani duniani, na ilikuwa na hoja yake.

Marekani waliianza mapema. Ligi yao ya mpira wa miguu wa Kimarekani, NFL, ilikuwa ikizuia mechi ya timu ya nyumbani isionekane kwenye runinga za mji huo na maeneo yaliyo ndani ya takribani kilomita 120. Haikujali hata kama tiketi zote zimekwisha. Mashabiki wa Giants wa New York walikuwa wakipanda magari kwenda Connecticut, jimbo la jirani, kukodi vyumba vya hoteli za barabarani ili tu waione timu yao ikicheza kwenye mji walioutoka asubuhi. Desemba 1972 timu ya Washington ilikuwa na mechi ya mtoano nyumbani, na mji mkuu wote ukabaki gizani. Rais Richard Nixon mwenyewe alikuwa shabiki wa timu hiyo. Serikali yake ilimwomba kamishna wa ligi, Pete Rozelle, aifungue mechi hiyo, akakataa. Mwaka uliofuata, 1973, Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria: tiketi zikiisha saa 72 kabla ya mechi, hakuna ruhusa ya kuzima runinga ya nyumbani. Kilichobaki cha utaratibu huo kiliendelea kupungua, mamlaka ya mawasiliano ikafuta kanuni zake mwaka 2014, na wamiliki wa timu wakausimamisha kuanzia msimu wa 2015.

Uingereza bado wana utaratibu wao. Miaka ya 1960 mwenyekiti wa Burnley, Bob Lord, aliwashawishi wenzake kwamba mechi kubwa ikionyeshwa Jumamosi alasiri, klabu ndogo zitacheza mbele ya viti vitupu. Hadi leo, Jumamosi kati ya saa 8:45 mchana na saa 11:15 jioni kwa saa za kwao, hakuna mechi ya soka inayorushwa mubashara nchini humo.

Tazama sasa mambo yanavyokaa. Jumamosi saa 9 alasiri ya London, ambayo kwetu ni saa 11 au saa 12 jioni kutegemea majira yao, shabiki wa Arsenal anayeishi mitaa miwili kutoka uwanjani haruhusiwi kuiona mechi hiyo kwenye runinga. Kijana wa Maramba anaiona, kwenye benchi la mbao, kwa shilingi mia tano. Lakini kijana huyo huyo haioni Coastal ikicheza Mkwakwani. Mwingereza amenyimwa picha ili kulinda klabu ndogo ya mtaani kwake. Sisi tumenyimwa picha, na klabu ya mtaani kwetu haikulindwa na chochote. Hakuna mtu wa Maramba aliyekwenda Mkwakwani kwa sababu mechi haikuonekana kibandani. Amekaa tu bila kuiona, na mwaka baada ya mwaka anazidi kuizoea Arsenal.

Hapo ndipo ninapoumia zaidi. Mtoto wa miaka 12 wa Maramba anaweza kukutajia kikosi cha kwanza cha timu ya London, namba kwa namba, mpaka na kipa wa akiba. Mwulize kikosi cha Coastal. Huwezi kumlaumu, hajawahi kuwaona. Ushabiki hurithiwa, ndiyo, lakini usipoonyeshwa kitu hata urithi unafifia.

Hatukuwa hivi. Mwaka 1988 Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, hapakuwa na kituo hata kimoja cha runinga upande huu wa Muungano. Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi tangu 1973. Bara tulisubiri hadi 1994, zilipoanza stesheni za binafsi. Lakini ubingwa wa 1988 ulijulikana vijijini dakika kwa dakika, kwa sababu ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Sauti za akina Ahmed Jongo, Mikidadi Mahmoud na Charles Hilary ziliwafanya watu waone kwa masikio. Redio moja iliyotundikwa kwenye mwembe ilihudumia kijiji kizima, na mwenye redio hakutoza mtu. Mpira wa Tanga uliwafikia watu wa Tanga bure wakati nchi ilikuwa maskini wa mitambo kuliko sasa.

Halafu yakaja maendeleo, na sitaki kuyadharau. Kabla ya 2013 mechi ya Ligi Kuu Bara kuonekana mubashara ilikuwa jambo la nadra, tena mara nyingi ni ya watani wa jadi, Simba na Yanga. Mwaka huo Azam Media waliingia mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya shilingi bilioni 5.56. Yanga waliukataa. Walisema mgawo wa shilingi milioni 100 kwa klabu ni mdogo kwa timu yenye mashabiki wengi kiasi kile, na kwamba haikuwa sawa kampuni yenye uhusiano wa damu na klabu inayoshindana nao, Azam FC, ndiyo ishike haki za ligi. Waliobeza walisema Yanga wanaringa. Mimi naona Yanga waliuliza swali la maana, ingawa waliliuliza kwa faida yao wenyewe: picha ya timu ni mali ya nani, na nani aulizwe inapouzwa?

Mei 2021 Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, na Azam Media wakasaini mkataba mwingine, wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Kwa soka la ukanda huu hizo ni fedha nyingi sana. Kamera zilifika Ruangwa, zilifika Kaitaba, zilifika Sumbawanga. Klabu zilizokuwa zikisafiri kwa michango ya wanachama zikaanza kuwa na uhakika wa nauli na mishahara. Wachezaji wa kigeni wakaanza kutuangalia. Simba na Yanga zimecheza fainali za Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga 2023 na Simba 2025, na hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba fedha za runinga hazina mkono wake katika ligi iliyowakomaza. Yeyote anayedai mkataba huo uchanwe anadai klabu zirudi kwenye bakuli. Mimi simo.

Ninachosema ni kwamba mkataba ule uliuza kila kitu kwa pamoja. Mechi ya Simba na Yanga, ambayo nchi nzima italipia hata kwa kukopa, iliuzwa kwenye fungu moja na mechi ya Coastal na Namungo, ambayo nje ya Tanga na Lindi wachache sana wataifuata. Ya kwanza inajaza kila kibanda. Ya pili haipati kibanda hata kwenye mkoa inakochezwa. Kwa mwenye haki, mechi hiyo ya pili ni saa mbili za kujazia ratiba. Kwa mtu wa Maramba ndiyo mechi ya wiki.

Redio nayo imefuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2021 haki za kutangaza ligi redioni zilikwenda TBC kwa miaka 10, shilingi bilioni 3. Nafurahi zimebaki kwenye chombo cha umma. Lakini TBC Taifa ni idhaa moja, na Jumamosi yenye mechi ya Simba au Yanga kila mtu anajua itaelekezwa wapi. Redio za Tanga, zenye watangazaji wanaomjua hadi mama yake beki wa kulia, ndizo zingepaswa kuwa na njia nyepesi ya kutangaza Coastal ikicheza nyumbani. Mkulima aliyeko shambani na redio ndogo mfukoni hahitaji picha. Anahitaji mtu wa kumwambia mpira uko wapi.

Kwa Tanga, maumivu haya yana historia yake. Msimu wa 2015/16 mkoa ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo. Zote tatu zilishuka daraja kwa pamoja, Mei 2016. Mkoa uliowahi kutoa bingwa ukabaki misimu miwili bila timu ya Ligi Kuu, na kamera za ligi zikauhama. Coastal ikarudi msimu wa 2018/19. Ikapanda taratibu, na msimu wa 2023/24 ikamaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ungetegemea baada ya hapo Tanga ipumue. Badala yake, sehemu ya msimu uliofuata Coastal ilicheza mechi za nyumbani Dar es Salaam na Arusha kwa sababu ya uwanja. Mechi ya nyumbani ilichezwa Arusha, na huku nyumbani haikuonekana. Shabiki wa namna hiyo amebakiwa na nini cha kushikilia zaidi ya jina?

Mwezi Agosti 2023 tulipata onjo la jinsi mambo yanavyoweza kuwa. Ngao ya Jamii ililetwa Mkwakwani. Tarehe 13 Simba na Yanga wakatoka suluhu, wakaenda kwenye penalti, kipa Ally Salim akageuka shujaa na Simba wakashinda 3-1. Miezi miwili kabla, uwanja huo huo ulipokea fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, Yanga wakiifunga Azam 1-0. Tanga ilijaa wageni, nyumba za kulala wageni zikajaa, bodaboda wakafanya kazi mpaka usiku wa manane. Ni heshima kubwa kwa mkoa. Lakini kwa maelfu ya watu wa Mkinga, Pangani, Muheza na Lushoto, mechi iliyochezwa kwenye uwanja wao wa mkoa ilikuwa ya kuonwa na aliyelipia au kutoonwa kabisa. Na siku ya watani kibanda umiza hakikai watu, kinashindilia. Mabati yanapata joto, mlango ni mmoja, watoto wanachungulia kwenye matundu ya misumari. Usiombe umeme ukatike dakika ya 80.

Naomba nikae kidogo hapo kibandani, kwa sababu watunga sera wengi hawajawahi kuingia. Vibanda hivi ndivyo vilivyobeba mpira wa runinga vijijini kwa miaka mingi. Mwenye kibanda amenunua king'amuzi cha kampuni moja kwa ligi ya Uingereza na cha kampuni nyingine kwa ligi ya nyumbani, maana haki zimegawanyika. Analipa vifurushi viwili kila mwezi, mafuta ya jenereta, kodi ya eneo. Mara nyingi king'amuzi chake ni cha matumizi ya nyumbani, na masharti ya kampuni hayaruhusu kutoza kiingilio kwa king'amuzi cha nyumbani, kwa hiyo kila siku yuko upande mbaya wa mkataba ambao hajawahi kuusoma. Kifurushi cha biashara kwake ni mzigo. Mtu huyu anatoa huduma ambayo hakuna mwingine anayeitoa Maramba, naye tunamtazama kwa jicho la mhalifu. Kampuni za ving'amuzi zingeweza kumtengenezea leseni ndogo ya kibanda cha kijijini, ya bei anayoimudu, kwa sharti kwamba mechi ya timu ya mkoa anaofanyia kazi aionyeshe. Zingepata fedha ambazo leo hazizipati.

Hata hivyo kibanda si cha kila mtu. Ni mahali pa wanaume na vijana wa kiume, pana moshi wa sigara na matusi ya kubeti. Binti wa shule aliyesikia habari za Twiga Stars na Simba Queens haingii pale jioni, na mzazi wake hatamruhusu. Mzee asiyeona vizuri haingii. Mama aliyelelewa na baba mshabiki wa African Sports, ambaye anaujua mpira kuliko mume wake, haingii. Mpira ukifungiwa kwenye kibanda umefungiwa kwa jinsia moja na rika moja. Unaporuka bure kwenye chaneli ya taifa, sebule nzima inauona. Ndiyo maana silikubali jibu jepesi la kwamba asiye na kifurushi aende kibandani.

Wapo watakaosema soko litajirekebisha lenyewe, ushindani utashusha bei. Soko tumeliona. Mwaka 2007 kampuni ya GTV iliingia Afrika kwa kishindo, ikachukua sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, ikauza ving'amuzi hadi kwetu. Januari 2009 ikafilisika katikati ya msimu, na waliolipia wakabaki na dishi juu ya bati. Jirani zetu Kenya, ambao kutoka Maramba hawako mbali, walifurahia SuperSport kwa miaka kadhaa ikirusha ligi yao na kulipa vizuri. Mwaka 2017 ikaondoka, na klabu za Kenya zikaachwa bila kamera na bila fedha kwa wakati mmoja. Hata AFCON iliyochezwa Ivory Coast, ambayo Taifa Stars ilishiriki, ilikaribia kuwapita wengi wa Afrika hivi hivi: haki zilikuwa kwa New World TV ya Togo, MultiChoice ikatangaza mwishoni mwa Desemba 2023 kwamba haitaonyesha, kisha makubaliano yakapatikana siku chache kabla ya mchezo wa ufunguzi wa Januari 13. Nchi inacheza mashindano makubwa, na kuonekana kwake kunategemea kampuni mbili za nje zitaelewana lini.

Na tusisahau ya kwetu wenyewe. Tanga ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuzimiwa mitambo ya analojia, mwanzoni mwa 2013. Antena ya zamani iliyokuwa ikinasa picha bila malipo ikawa chuma chakavu, na king'amuzi kikawa lazima hata kwa anayetaka taarifa ya habari tu. Mwaka 2018 likazuka lile sakata la mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na kampuni za ving'amuzi vya dishi, chaneli za ndani zisizolipiwa zikaondolewa kwenye ving'amuzi hivyo kwa sababu za leseni. Mjini ulikuwa usumbufu, kwa kuwa wapo wenye antena za mitambo ya ardhini. Nyuma ya milima, ambako dishi ndilo linaloshika, watu walilala wakiwa na chaneli na kuamka hawana. Kila mara uamuzi unapofanywa kuhusu runinga, wa mwisho kufikiriwa ni mtu wa Maramba na wenzake.

Nchi nyingine zimekwisha kulitatua hili kwa sheria. Uingereza ina orodha ya michezo ambayo haiwezi kufungiwa kwenye runinga ya kulipia peke yake, fainali ya Kombe la FA na Kombe la Dunia zikiwemo, chini ya Sheria ya Utangazaji ya 1996. India ilipitisha sheria mwaka 2007 inayomlazimu mwenye haki za mchezo wenye umuhimu wa kitaifa kulipatia shirika la utangazaji la umma mawimbi yake, na mapato ya matangazo yagawanywe. Afrika Kusini ina kanuni za aina hiyo tangu 2010, na ni nchi yenye kampuni kubwa kuliko zote za runinga ya kulipia barani. Kampuni za runinga ya kulipia katika nchi hizo hazikufa.

Kwetu napendekeza mambo ambayo hayahitaji miujiza. Mechi za Taifa Stars na Twiga Stars za mashindano, nyumbani na ugenini, zionekane TBC bila kifurushi, na hilo liandikwe kwenye kanuni lisiwe hisani ya msimu. Kisha kila klabu ya Ligi Kuu isiyo ya Dar es Salaam iruhusiwe mechi zake za nyumbani zionekane bure ndani ya mkoa wake. Ving'amuzi vya mitambo ya ardhini vinaruhusu mgawanyo wa mikoa. Picha inaweza kuishia Tanga isifike Mwanza. Iwapo Coastal inacheza na Simba au Yanga na mwenye haki anaona hapo ndipo penye ulaji wake, basi mechi hiyo irushwe kamili usiku ule ule baada ya kumalizika. Hatuombi kila kitu. Mtu wa Maramba atakubali kuiona saa 4 usiku. Atakaa na mke wake na watoto wake, waione pamoja.

Mwekezaji atauliza atafidiwa nini. Swali la haki, na jibu lipo kwenye hesabu yake mwenyewe. Ni wangapi Tanga wanaolipia kifurushi cha mwezi mzima kwa ajili ya Coastal na Mashujaa, Coastal na Dodoma Jiji? Wanaolipia wanalipia kwa sababu ya Simba, Yanga, tamthilia na filamu, na hao hawataondoka. Upande wa pili, mechi inayoonekana na mkoa mzima ina thamani kwa mtangazaji wa biashara, awe kiwanda cha saruji cha Tanga, bandari, au muuza pembejeo wa Muheza, ambaye leo hana mahali pa kukutana na watu wa mkoa wake wote kwa saa mbili. Na mtoto aliyeikuta Coastal sebuleni akiwa na miaka 8 ndiye atakayenunua jezi na tiketi akiwa na miaka 20. Coastal yenyewe inamhitaji mtoto huyo kuliko inavyohitaji mgawo wa mwaka mmoja.

Tuna tarehe mbili mbele yetu. Ya kwanza ni AFCON ya 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuiandaa pamoja. Serikali inajenga uwanja Arusha kwa fedha za walipakodi, na mlipakodi wa Maramba yumo. TBC na TCRA wanapaswa kueleza mapema, kabla ya timu kuwasili, mechi zipi zitaonekana bure na mawimbi yatafika wapi nje ya makao makuu ya mikoa. Ya pili ni 2031, mwaka ambao mkataba wa miaka 10 wa Ligi Kuu unamalizika. Coastal Union na Chama cha Soka cha Mkoa wa Tanga wana wajumbe kwenye mikutano ya TFF, na mbunge wa Mkinga ana kiti Dodoma. Kipengele cha mechi ya nyumbani kuonekana bure nyumbani wakidai sasa, kwa maandishi, kabla rasimu ya mkataba mpya haijapelekwa mezani na mtu mwingine.